Picha zikichelewa studioni, kosa huenda liko kwenye waya wala si toleo la programu

MSIMU wa mahafali unapowadia katika Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, studio za picha jijini Eldoret hupata wateja wasio na subira, nao wana haki ya kutokuwa nayo. Mhitimu amekodi joho ambalo sharti lirudishwe, wazazi wametoka mbali, na matatu ya kuwarejesha nyumbani haitawangoja. Kabla ya kuondoka wanataka kuiona picha kwenye skrini, wajue kama baba alifumba macho au kama nyanya alifichwa na bega la mjukuu.

Kwa ajili ya wateja wa aina hiyo, wapigapicha wengi huunganisha kamera na tarakilishi kwa waya. Kitufe kinapobonyezwa, picha husafiri moja kwa moja hadi kwenye programu ya kuhariri na kutokea kwenye skrini kubwa. Mteja huona, huchagua na hulipa. Kosa la taa au la ukali wa picha hugunduliwa papo hapo badala ya kugunduliwa usiku, wakati familia imeshafika Kapsabet au Kitale.

Hata hivyo, utaratibu huo una kero yake. Mara nyingine picha huchukua sekunde kumi au zaidi kutokea. Mara nyingine mawasiliano hukatika kabisa, na mpigapicha hulazimika kuchomoa waya na kuanza upya huku wateja wakitazamana. Ushauri ambao wengi hupewa ni mmoja: nunua toleo jipya la programu. Ushauri huo huwa sahihi mara nyingine, lakini pia umewafanya watu kulipia dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Safari ya picha

Ili kuelewa kinachochelewesha picha, ni vyema kufuata safari yake hatua kwa hatua. Kwanza, kamera huandaa faili na kuiweka katika hifadhi yake ya muda. Pili, faili hupita kwenye waya hadi kwenye tarakilishi. Tatu, huandikwa kwenye diski. Nne, programu huisajili faili hiyo katika katalogi yake, kisha huichora ili ionekane kwenye skrini. Ikiwa mpigapicha ameagiza rangi zirekebishwe au chengachenga ziondolewe tangu mwanzo, kazi hiyo nayo hufanywa katika hatua hiyo ya mwisho.

Programu ina mamlaka makubwa juu ya hatua ya nne na mchango kiasi katika hatua ya pili, kwa kuwa ndiyo inayozungumza na kamera. Lakini haiwezi kuupanua waya. Hapo ndipo hesabu ndogo inapohitajika.

Teknolojia ya USB 2.0, iliyoanza mwaka 2000, ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Ukigawa kwa nane, unapata megabaiti 60. Hizo ni za kwenye karatasi, kwani katika kazi halisi ni nadra kupita megabaiti 40. Sasa chukua kamera ya Canon EOS 5D Mark II, iliyotolewa mwaka 2008, ambayo bado inafanya kazi katika studio mbalimbali. Faili yake ghafi, ile ambayo wapigapicha huiita RAW, ina takriban megabaiti 25. Picha 20 ni megabaiti 500. Hata waya huo ukipitisha megabaiti 35 kila sekunde bila kupumzika, picha hizo zitahitaji sekunde 14 hivi. Hakuna toleo la programu, la zamani au la kesho, litakalopunguza sekunde hizo.

Kamera zilizokuja baadaye zilitofautiana. Nikon D800, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na USB 3.0, ambayo kwenye karatasi ina kasi ya megabiti 5,000 kwa sekunde. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka uo huo ilibaki na USB 2.0, na ni Mark IV ya mwaka 2016 iliyopata USB 3.0. Kwa hivyo, wapigapicha wawili wenye programu ya toleo moja na tarakilishi zinazofanana wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa kwa sababu ya tundu lililo ubavuni mwa kamera.

Isitoshe, mnyororo huu hufuata kiungo chake dhaifu zaidi. Kamera ya USB 3.0 ikiunganishwa kwa waya wa USB 2.0, au kupitia tundu la zamani la kipakatalishi, itarudi kwenye kasi ya zamani. Urefu nao una athari. Waya wa kawaida wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita tano, na ule wa USB 3.0 hutegemewa zaidi ukiwa wa takriban mita tatu. Anayeunga nyaya mbili ili azunguke studio kwa uhuru anajitafutia mawasiliano ya kukatikakatika, kisha analaumu programu.

Matoleo yalivyobadilika

Hayo hayamaanishi kuwa matoleo yote ni sawa. Programu ya Lightroom ya kampuni ya Adobe ni mfano mzuri. Toleo la kwanza lilitoka Februari 2007, na la pili mwaka 2008, yote mawili bila uwezo wa kupokea picha moja kwa moja kutoka kwa kamera. Mpigapicha alitumia programu ya kampuni ya kamera kupeleka picha kwenye folda fulani, nayo Lightroom ikaichungulia folda hiyo na kuziokota. Programu mbili zilikula kumbukumbu ya tarakilishi kwa wakati mmoja.

Toleo la tatu, Juni 2010, ndilo lililoleta uwezo huo ndani ya programu yenyewe, kwa kamera kadhaa za Canon na Nikon. Toleo la sita, la Aprili 2015, lilikuwa la mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Oktoba 2017 programu hiyo ilibadilishwa jina ikawa Lightroom Classic, na Adobe ikatangaza kuwa imeharakisha uingizaji na uchoraji wa picha. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2018, toleo la nane lilikuja na maboresho ya kasi kwa wanaounganisha kamera za Canon. Kamera mpya za Sony zilisubiri zaidi, kwani baadhi yake ziliongezwa mwaka 2024.

Funzo hapa ni kuwa maboresho ya mawasiliano na kamera huja kwa chapa. Toleo linalosifiwa na mwenye Canon huenda lisimfae mwenye Nikon kwa lolote. Capture One, programu iliyoasisiwa na kampuni ya Phase One ya Denmark, ilijijengea sifa kwa kazi hii hasa, kwa vile Phase One ilitengeneza vifaa vya studio vilivyotegemea kuunganishwa na tarakilishi. Hata hivyo, nayo haiwezi kuvuka mipaka ya USB.

Kuna pia upande wa pili wa sarafu. Toleo jipya hudai mashine yenye nguvu zaidi. Lightroom Classic ya miaka ya karibuni huhitaji kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti nane, na Adobe hupendekeza 16. Kwenye kipakatalishi cha mtumba chenye gigabaiti nne, toleo la zamani linaweza kulishinda jipya kwa mbali, au jipya likakataa kabisa kuwekwa. Kwa upande mwingine, anayebadilisha mfumo wa tarakilishi anaweza kupoteza programu aliyonayo. Mwaka 2019 Apple ilitoa macOS Catalina na kuacha kuendesha programu za biti 32, na waliokuwa na programu za zamani wakajikuta na vipande visivyofanya kazi.

Jinsi ya kupima

Badala ya kutegemea sifa za matangazo, mwenye studio anaweza kupima mwenyewe kwa alasiri moja. Kampuni nyingi hutoa muda wa kujaribu programu bila malipo, na muda huo ndio wa kutumia.

Kanuni kuu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kamera iwe ile ile, waya ule ule, tundu lile lile, tarakilishi ile ile na taa zile zile. Kinachobadilika ni toleo la programu peke yake. Kila toleo lifunguliwe na katalogi mpya iliyo tupu, kwani katalogi yenye picha maelfu huweza kuionea programu isiyo na hatia. Marekebisho yoyote ya kujiendesha yazimwe katika matoleo yote, au yawe yale yale.

Kisha vipimwe vitu vitatu kwa saa ya simu. Cha kwanza ni muda kati ya kubonyeza kitufe na picha moja kutokea ikiwa safi kwenye skrini. Cha pili ni muda wa picha 20 zilizopigwa mfululizo, tangu ya kwanza hadi ya mwisho kuonekana. Cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni idadi ya mara ambazo mawasiliano yamekatika au picha imekosekana. Zoezi lirudiwe mara tatu kwa kila toleo, tarakilishi ikizimwa na kuwashwa kila mara, na wastani uandikwe.

Baada ya hapo, zoezi lirudiwe na toleo la zamani lakini kwa waya bora na mfupi. Ikiwa waya mpya umeokoa muda mwingi kuliko programu mpya, jibu limepatikana. Ikiwa picha hufika haraka kwenye diski lakini hukawia kuchorwa, basi tatizo liko kwa programu au kwa nguvu ya tarakilishi, na hapo kununua toleo jipya au kuongeza RAM kuna maana.

Gharama na njia mbadala

Swali la toleo ni swali la pesa. Tangu Adobe iachane na leseni ya kudumu, mtumiaji hulipa ada ya kila mwezi kwa dola. Mpango wa dola 9.99 ulioanza mwaka 2013 ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, na miongoni mwa iliyobaki ni ule wa dola 19.99 kwa bei ya Marekani. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni kama Sh2,600 kwa mwezi na Sh31,200 kwa mwaka, kabla ya kodi. Mapema mwaka 2024, dola moja ilipopita Sh160, ada ile ile ingekuwa Sh3,200 kwa mwezi. Mwenye studio hupandishiwa gharama na soko la fedha bila kupata hata kitufe kimoja kipya.

Wapo wanaokimbilia nakala za wizi. Mbali na kuwa ni kosa kisheria, nakala hizo aghalabu hazipokei masasisho, ilhali ni masasisho hayo yanayoiwezesha programu kuzitambua kamera mpya.

Kuna njia halali zisizogharimu. Canon hutoa EOS Utility bila malipo kwa wenye kamera zake, Nikon ina NX Tether, na Sony ina Imaging Edge. Programu huria ya darktable, pamoja na digiCamControl kwa watumiaji wa Windows, nazo hupokea picha kupitia waya. Aidha, baadhi ya kamera huruhusu faili ndogo ya JPEG ipite kwenye waya huku faili ghafi ikibaki kwenye kadi. Mteja huona picha haraka, nayo kazi ya ubora hufanywa baadaye.

Usalama kwanza

Kasi, hata hivyo, si kitu cha kwanza. Katika kamera na programu fulani, picha zinazopigwa kwa waya huhifadhiwa kwenye tarakilishi pekee, kadi ikibaki tupu. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani umeme ulipopotea. Studio iliyo katikati ya kazi, yenye tarakilishi isiyo na betri na kadi isiyo na nakala, haina cha kumwonyesha mteja baada ya tukio kama hilo. Harusi au koito haiwezi kurudiwa kwa ajili ya mpigapicha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha sekunde, mwenye studio anapaswa kufanya jaribio moja zaidi kwa kila toleo: apige picha kumi, auchomoe waya ghafla katikati ya kazi, kisha ahesabu zilizobaki kwenye kadi na zilizobaki kwenye diski. Toleo linaloonyesha picha sekunde mbili mapema lakini likapoteza moja kati ya kumi halifai kukaribia familia yenye joho la kukodi.

Mwenye kuyafanya majaribio hayo huenda akagundua kuwa anahitaji programu mpya, na atainunua akijua sababu. Huenda pia akagundua kuwa alichohitaji ni waya mfupi, tundu sahihi na betri nzima, vitu vinavyolipiwa mara moja tu, dola ipande au ishuke.