Mtoto Anapopumulia Shingoni

Kuna kilio kisichosikika. Mtoto machozi yanamtoka, kinywa kiko wazi, lakini sauti hakuna. Mama mmoja wa kijiji kimoja huku kwetu Dodoma aliponiona wodini aliniuliza kwa kunong'ona, "Sista, wamemkata ulimi mwanangu?" Ndugu wa mumewe walikwisha kusema kuwa mtoto amechinjwa. Hakuna aliyekuwa ameketi na mama huyu akamweleza, na hilo lilinisikitisha kuliko maneno ya mawifi.

Mtoto alikuwa amekauka sauti kwa miezi mingi, akitibiwa pumu. Kumbe ni vinyama vidogo, viletwavyo na virusi, vilivyoota kwenye sanduku la sauti hadi hewa ikakosa pa kupita. Daktari alimpa nusukaputi, akafungua tundu dogo kwenye bomba la hewa, chini ya kikoromeo, akaingiza mpira. Upasuaji huu huitwa trakeostomi. Wengine hufanyiwa kwa sababu ya uvimbe wa koo, ajali ya kichwa, au kitu kilichokwama kooni. (Karanga ni zao letu, lakini mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe nzima nzima. Mtwangie.)

Ulimi uko palepale. Hewa sasa hutokea chini ya sanduku la sauti, hivyo hailigusi, ndiyo maana kilio hakisikiki. Kwa wengi, chanzo kikiondolewa mpira hutolewa na tundu hujifunga. Si jambo geni pia: mwaka 1952, polio ilipoingia jiji la Copenhagen, wagonjwa walitobolewa hivi na wanafunzi wa udaktari wakawapulizia hewa kwa kuminya mifuko kwa mikono, usiku na mchana.

Pua hupasha hewa joto, huilowanisha na kuichuja vumbi. Anayepumulia shingoni hana msaada huo, nawe unalijua vumbi letu la kiangazi. Funika tundu kwa kitambaa chepesi, safi, kilicholowanishwa kidogo, kisichozuia hewa. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Mtoto asikae karibu na jiko la kuni, wala poda isipakwe shingoni. Kumwogesha, tumia maji kidogo kwenye beseni, wala yasifike tunduni.

Makohozi ndiyo adui mkubwa, maana yakikauka huziba mpira. Ukisikia mkoromo, au ukiona mtoto anahangaika na mbavu zinaingia ndani, nawa mikono uyafyonze. Ingiza mrija hadi kipimo ulichoonyeshwa hospitali, usizidishe. Usifyonze unapoingiza, fyonza unapotoa, na isipite sekunde 10. Mpumzishe kabla ya kurudia. Umeme hukatika, kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa uliza kama ipo pampu ya mkono au ya mguu. Usione haya kuuliza mara tatu. Na usikubali kuondoka wodini kabla hujafyonza kwa mikono yako mwenyewe, muuguzi akikutazama.

Kamba za shingoni zipitishe kidole kimoja tu. Kuzibadili kunahitaji watu wawili, mmoja ashike mpira usichomoke. Karibu na mtoto pawe daima na mipira miwili ya akiba, mmoja wa saizi yake na mwingine mdogo zaidi, pamoja na mkasi. Mpira ukiziba na kufyonza kukishindikana, kata kamba, utoe, uingize mwingine kama ulivyofundishwa. Asipopumua, mpulizie kupitia mpira au tunduni, si mdomoni, huku umemziba pua na mdomo, na mtu mwingine akatafute gari.

Chakula hupita kwenye umio, njia nyingine kabisa. Uji, hata ugali na mlenda, vinawezekana mara wauguzi wakiridhika kuwa anameza vizuri.

Yule mama alikuwa hathubutu kulala. Akina mama wa kanisani tulipanga zamu, lakini kwanza kila mmoja alijifunza kufyonza. Mumewe naye alijifunza, na mikono yake ikawa myepesi kuliko yetu sote. Kisha bibi wa mtoto akaleta njuga moja ya ngoma, akaifunga imara mguuni mwa mjukuu. Zamu haikuachwa, ila sasa mtoto akitaka kitu hupiga mguu chini, na nyumba nzima inasikia.