Maji Yanayolala Juu ya Kijiji

Baragumu lilipigwa jioni, watu wameshatoka shambani na moshi umeanza kupenya kwenye mapaa. Nilidhani kuna msiba. Nikamuuliza mama mwenyeji wangu nani amefariki, naye akacheka hadi akauweka chini ungo wa maharage. "Hakuna aliyekufa, mwanangu. Kesho ni msaragambo. Na wewe utabeba tope."

Huko ni Upare Kusini, wilaya ya Same, kwenye miteremko ya Vudee inayoitazama Makanya. Juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, ambako ukungu haubanduki mapema. Chini barabara kuu inapita katikati ya mkonge na vumbi, na mvua za vuli zinaweza kuja na kuondoka bila kuotesha kitu. Kati ya baridi ile na ukame huu ndipo wazee walipochimba ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Kwa macho ya mgeni ni dimbwi tu, wala halifanani na kitu cha kujivunia. Ila fikiria kijito chembamba kama mkono: ukikiachia kwenye mfereji mkavu, ardhi itayanywa maji yote kabla hayajafika shamba la pili. Kwa hiyo usiku kijito huelekezwa ndivani. Watu wanalala, maji yanajikusanya. Alfajiri mlango unazibuliwa na maji ya usiku mzima yanatoka kwa pamoja, yana nguvu ya kufika hata kwa wale wa mwisho. Baadaye mchana ndiva ni tope tupu, na jioni inaanza upya. Anayeitarajia itunze maji hadi kiangazi hajaielewa.

Tope lenyewe ndilo lililotuitia baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Kila mvua huleta udongo, na ndiva isiyozolewa hugeuka bustani. Asubuhi tulishuka ndani, wengine na majembe, wengine na makarai, wengine wakikata nyasi kando ya mfereji. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu umoja wa vijijini nikategemea nyimbo na bashasha. Nyimbo zilikuwepo, lakini palikuwepo pia daftari. Katibu aliandika nani amefika, nani ametuma kijana wake, nani hajaonekana. Asiyefika anatozwa faini, na mwenye deni la faini zamu yake ya maji ina mashaka. Bibi mmoja alibishana robo saa nzima kuhusu siku moja ya mwaka uliopita ambayo hakuandikiwa. Hakuna aliyemwona mkorofi. Walifunua kurasa za nyuma, wakaipata.

Mijini Wapare wanatungiwa utani mwingi, kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Nami nimeucheka mara nyingi. Tangu siku ile nauona kwa jicho jingine: mahali ambapo shamba lako linategemea saa mbili za maji, kuku ni kitu kikubwa, na asiyejua kudai atakula vumbi. Mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilipotaka kila mtu akadiriwe mali yake kisha atozwe kodi ya mbiru, Wapare walishuka kwa maelfu hadi Same kupinga. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameliandikia tukio hilo kitabu. Watu waliozoea kugawana maji mbele ya macho ya wote wasingekubali kupimwa kwa kukisia.

Zamani ndiva ilikuwa ya ukoo ulioichimba, na wenye ukoo ndio waliosimamia zamu. Siku hizi kuna kamati, kuna ndiva zilizojengewa kwa saruji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya bonde. Saruji ni msaada mkubwa, nisidanganye. Huzuia maji kuvuja. Karatasi ya kibali sijui kama inamsaidia anayegombea zamu saa kumi na moja alfajiri.

Kesho yake niliamka saa hiyo hiyo. Mzee wa zamu alikuwa ameshafika, koti begani. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka. Alichovya fimbo yake majini, akaitoa, akapima kwa viganja sehemu iliyolowa.

"Leo watapata watatu," alisema.

"Na wa nne, baba?"

"Wa nne anajua. Jana usiku baridi haikuwa kali, watu wa juu hawakulala mapema."

Alizibua mlango. Tulisikia maji yakiondoka gizani, kisha sauti ya mtu huko chini, shambani, akiita kwamba yamefika. Nyumbani nilikuta makande yaliyoiva usiku kucha juu ya makaa, mama akiniambia nile haraka kwa sababu katibu anauliza kama jina langu liandikwe daftarini au nilibeba tope kama mgeni tu.