Daktari anayefika mpaka jikoni

Mdogo wangu alipomaliza mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, wenzake wengi walikuwa wamekwisha kujichagulia njia: huyu upasuaji, yule moyo, mwingine watoto. Yeye akajaza fomu za tiba ya familia. Jamaa wetu waliosikia walidhani amekosa nafasi kwingine. Miaka 6 ya chuo kikuu, mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, kisha miaka 4 ya ubingwa, na baada ya yote hayo awe daktari wa kila kitu?

Sababu yake ilikuwa nyanya yetu. Nyanya alikuwa akihudhuria kliniki ya presha, kliniki ya macho na kwa daktari wa magoti, na kila mmoja alimwandikia dawa zake. Zote alizitia katika mkebe wa majani ya chai. Mdogo wangu, wakati huo bado mwanafunzi, aliumimina mkebe ule kitandani akakuta dawa moja katika pakiti mbili zenye majina tofauti. Nyanya alikuwa akizimeza zote kwa utiifu kila asubuhi, nasi tukikilaumu uzee kwa kizunguzungu chake. Kila daktari alikuwa ametibu sehemu yake. Wa kuutazama mkebe mzima hakuwapo.

Nchini Kenya, ubingwa wa tiba ya familia ulianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, na hospitali ya Webuye, kaunti ya Bungoma, ni mojawapo ya vituo vyake vya mafunzo. Mwanafunzi hupitia wodi za watu wazima, watoto, uzazi, upasuaji na afya ya akili. Haya si mapambo. Katika hospitali ndogo mashinani, huenda usiku yeye ndiye anayemfanyia mama upasuaji wa kujifungua, na asubuhi ndiye anayemsikiliza kijana aliyekosa usingizi mwezi mzima.

Ila kazi yenyewe niliielewa aliponisimulia habari za mzee mmoja mgonjwa wa sukari. Faili yake ilikuwa imeandikwa mara kadhaa kwamba hafuati masharti ya dawa. Mdogo wangu akaandamana na mhudumu wa afya ya jamii hadi bomani kwake. Walisalimiana mulembe, salamu ya Waluhya, wakaletewa chai, hakuna aliyekimbilia kipimo. Insulini ilikuwa imetunzwa vizuri ndani ya chungu cha maji, kwa kuwa nyumba haina friji. Kilichomshinda mzee ni macho: hakuona tena mistari midogo ya bomba la sindano. Mjukuu aliyekuwa akimpimia dozi na kumdunga alikuwa ameingia shule ya bweni. Mkewe alikwisha kufariki, na aliyebaki nyumbani mchana ni mkaza mwanawe. Kwa mila za huko, baba mkwe hamfunulii mkaza mwana tumbo ili adungwe sindano. Mzee alistahi, akanyamaza, na faili ikamwita mkaidi.

Mdogo wangu akachora familia ile kwenye karatasi, kama wanavyofundishwa: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na mstari wa kuwazunguka wanaoishi pamoja. Ndani ya mstari ule akampata mpwa wa mzee, mwendesha bodaboda. Siku hizi mpwa huyo hupima dozi na kumdunga asubuhi kabla ya kwenda stejini.

Nje ya kazi, mdogo wangu huimba kwaya na kulima mrenda na kunde nyuma ya nyumba. Ana mtoto wa shule ya msingi, na jioni anapokuwa nyumbani ni yeye anayemkagulia daftari. Nilizoea kuyaona hayo kama mapumziko tu. Sasa naamini yanamjenga kikazi. Asiyejua bei ya unga wala vita vya kumlisha mtoto asiyetaka uji atamshaurije mama mwenzake? Panapomchosha ni matangani, ambako kabla hajatoa pole amekwisha kuonyeshwa picha ya eksirei kwenye simu. Huitazama. Kisha humwomba mwenye nayo aje kliniki, amsikilize kwa utulivu.

Huduma nyingi za afya nchini ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na sheria ya mwaka 2023 imeagiza kuwe na mitandao ya huduma za afya ya msingi, inayounganisha zahanati, vituo vya afya na hospitali. Bila madaktari wa aina hii, mitandao hiyo itabaki kwenye makaratasi. Magavana, waajirini wanapohitimu, na msiwafungie wodini. Wapeni gari, mafuta, na siku katika wiki ya kutembelea wagonjwa majumbani.