Kumbi la Nazi na Usalama wa Abiria

Mnazi uliokomaa wa Unguja waweza kufikia kimo cha meta 20 na zaidi. Nazi ya kilo moja na nusu ikianguka kutoka kimo hicho huifikia ardhi kwa mwendo wa kilometa 70 hivi kwa saa, ikiwa na nishati ya jouli 300 hivi. Nishati hiyo yatosha kumwua mtu. Lakini nazi yenyewe aghalabu huokotwa kifuu chake kikiwa kizima na maji yangali ndani. Ni nini basi kiikingacho?

Jibu limo katika kumbi. Kila mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba kazi ni kani mara umbali. Nishati ya nazi haina budi kumalizika. Lililo muhimu ni umbali inamomalizikia. Ikisimama katika milimeta 2, wastani wa kani ni nyutoni 150,000. Kumbi likibonyea kwa sentimeta 2, kani hupungua hadi nyutoni 15,000, yaani sehemu moja ya kumi. Nyuzi zake ni usumba ule ule ambao wanawake wa pwani ya mashariki, kama vile Paje na Jambiani, husokotea kamba baada ya kuyafukia makumbi mchangani.

Waundaji wa magari wamefuata kanuni hiyo hiyo. Katika miaka ya 1950, Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alipendekeza gari ambalo sehemu zake za mbele na nyuma hubonyea, na chumba cha abiria hubaki imara. Magari ya namna hiyo yalianza kuuzwa mwaka 1959. Mbele ya gari ni kumbi. Chumba cha abiria ni kifuu.

Sehemu ibonyeayo aghalabu huwa na mabomba ya chuma yenye kuta nyembamba. Bomba la namna hiyo likigongwa kichwani hujikunja kunjo baada ya kunjo, mithili ya mivukuto ya kodiani ya taarab, na kila kunjo hula nishati. Mwaka 1960 J. M. Alexander alionyesha namna ya kukadiria kani hiyo. Tangu hapo wahandisi wameazima maumbo ya viumbe: mafundo ya mwanzi, yanayozuia bomba lisipinde upande mmoja, na vyumba vya sega la nyuki, ambavyo kuta zake hushirikiana.

Hapa pana funzo kwa kila atumiaye barabara za Mji Mkongwe na mashamba. Wengi husifu gari lisilobonyea, na wengine huchomelea vyuma vizito mbele. Lakini gari la kilo 1,000 liendalo kilometa 50 kwa saa lina jouli 96,000 hivi. Chuma kisipozila kwa kujikunja, mgongano huwa mkali zaidi, na anayeumia ni abiria, hasa asiyefunga mkanda.

Walimu waweza kulithibitisha jambo hili darasani. Viringisheni karatasi mbili ziwe mabomba yaliyo sawa. Moja litieni vizuizi vya duara ndani, kama mafundo ya mwanzi. Angusheni kitabu kimoja juu ya kila bomba kutoka kimo kilekile, kisha pimeni urefu uliopungua. Lipi limejikunja vizuri zaidi, na kwa nini?