Formula 1: sekunde 10 za azabu, na mwenye kukosewa anapata nini?

Ku football tunajua vile inaendaka. Mutu akikuangusha mbele ya goli, arbitre anapuliza, na ni timu yako njo inapiga penalty. Mwenye kukosewa anarudishiwa kitu. Ku mbio za Formula 1 haiko vile, na sisi wenye kuziangalia ku televizio tunatokaka kila mara na ubishi.

Tuchukue mwaka 2021, Lewis Hamilton na Max Verstappen. Tarehe 18 mwezi wa saba, kule Silverstone, Uingereza, waliingia pamoja ndani ya kona ya Copse, mzunguko wa kwanza. Gurudumu la mbele la Hamilton likagusa la nyuma la Verstappen. Verstappen akatoka njiani, akagonga ukuta wa matairi kwa nguvu sana, wakamupeleka hospitali. Waamuzi wakasema sehemu kubwa ya kosa ni ya Hamilton: sekunde 10. Akasimama, akazimaliza, akarudi njiani. Mizunguko ikibaki michache akamupita Charles Leclerc, akashinda. Yeye pointi 25, Verstappen sufuri. Tofauti yao ikatoka 33 ikashuka 8.

Mwezi wa tisa, kule Monza, Italia, ikageuka. Gari la Verstappen likapanda juu ya lile la Hamilton, na ile chuma ya halo njo ilikinga kichwa chake. Wote wawili wakatoka. Mara hii kosa kubwa likawa la Verstappen: kurudishwa nafasi 3 nyuma ku mbio zinazofuata, kule Urusi. Lakini kule timu yake ilibadilisha injini, na kwa hiyo ilibidi aanze nyuma ya wote. Sasa nafasi 3 zinamukata nini mutu ambaye tayari ni wa mwisho? Alimaliza wa pili.

Waamuzi wanasema wanapima kosa, hawapimi hasara. Tunawaelewa. Kugusa kidogo kunaweza kuvunja gari la mwenzako, ao kusilete kitu. Ukipima hasara, mwenye kosa dogo ataazibiwa sana juu ya bahati mbaya tu.

Lakini sekunde 10 haziko sawa kwa wote. Mwenye gari la nguvu anazirudisha; mwenye gari zaifu zinamumaliza. Kuna pia pointi za leseni: ukifikisha 12 ndani ya miezi 12, unakosa mbio moja. Mwaka 2024 ilimupata Kevin Magnussen, akakosa mbio za Baku. Ni jambo zuri, lakini linakuja nyuma sana, na yule uliyemutoa njiani haimusaidii kitu.

Kwa maoni yetu, dawa iko tayari ndani ya sheria: kumupitisha mwenye kosa ndani ya pit, mwendo wa polepole, wengine wakiendelea na mbio. Ile inauma kuliko sekunde 10. Itolewe kila mara kosa la dereva limemutoa mwenzake kabisa.

Ku mbio za mwisho za 2021, Abu Dhabi, hawa wawili walifika na pointi sawa, 369,5 kila mumoja. Kila upande ulikuwa na mbio yake ya kulalamikia, na hakuna aliyerudishiwa hata pointi moja.