Tovuti Iko Hewani Lakini Wateja Hawaioni Google? Hapa Ndipo pa Kuangalia

Mwenye duka analipa fundi, anatengenezewa tovuti nzuri, anapewa anwani yake. Anaiandika kwenye simu, inafunguka. Anaiweka kwenye status ya WhatsApp, anaichapisha kwenye kadi za biashara. Mwaka unakatika, na hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu akasema, "Nimewaona Google."

Wengi wakifika hapo husema tovuti haina faida, wanaacha kuilipia. Lakini kabla ya kufika huko, kuna kifaa cha bure kinachoonyesha tatizo liko wapi hasa. Kinaitwa Google Search Console.

Kifaa hiki si kipya. Zamani kilijulikana kama Google Webmaster Tools, na mwaka 2015 Google wakakibadilisha jina kwa sababu kilikuwa hakitumiwi na mafundi peke yao. Hata mwenye duka, mwandishi au katibu wa shule anaweza kukitumia. Kinafunguka kwenye kivinjari cha simu, na kinachohitajika ni akaunti ya Google tu, ile ile ya Gmail.

Kufunguka sio kuonekana

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tovuti kufunguka na tovuti kuonekana Google ni vitu viwili tofauti.

Google ana roboti anayeitwa Googlebot. Kazi yake ni kuzunguka mtandaoni akifuata viungo, ukurasa mmoja hadi mwingine. Akiupata ukurasa anausoma. Akimaliza kuusoma, Google huamua kama utaingizwa kwenye hifadhi yake kuu, ambayo mafundi huiita indeksi. Mtu anapotafuta kitu, Google huangalia ndani ya hifadhi hiyo na kupanga nani atokee juu, nani chini.

Kwa hiyo ukurasa unaweza kukwama sehemu tatu: haujapatikana, umesomwa lakini haujaingizwa, au umeingizwa lakini uko chini mno. Kila tatizo lina dawa yake. Search Console ndiyo inayosema ni lipi.

Ufunguo uwe mkononi mwa nani?

Google haonyeshi taarifa hizi kwa mtu yeyote tu. Ni lazima kwanza mtu athibitishe kuwa tovuti ni yake. Kuna njia kadhaa. Mojawapo ni kuweka faili dogo au mstari wa kodi ndani ya tovuti. Nyingine ni kuweka neno maalumu kwenye mipangilio ya DNS, pale jina la tovuti liliposajiliwa. Njia hii ya pili ni pana zaidi, maana inashika anwani zote za tovuti hiyo, yenye www na isiyo na www.

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Fundi akimaliza kazi anathibitisha tovuti kwa akaunti yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye amehamia mji mwingine au amebadilisha namba, na ripoti zote, pamoja na barua pepe za tahadhari kutoka Google, zinakwenda kwake. Mwenye mali hana habari.

Utaratibu salama ni huu: mwenye biashara awe mmiliki kwa akaunti yake, kisha amwongeze fundi kama mtumiaji. Hilo hufanyika kwenye Settings, sehemu ya Users and permissions. Mtumiaji wa kawaida anaona ripoti na kufanya kazi zake, lakini hawezi kuongeza wala kutoa watu wengine.

Fundi wa zamani akiondolewa, lile faili au neno lake la uthibitisho nalo lifutwe kwenye tovuti. Likibaki, anaweza kujithibitisha tena.

Jambo hilo hilo linahusu jina la tovuti lenyewe. Kama ni .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara.

Swali la kwanza: Kurasa zimo?

Baada ya kuthibitisha, takwimu huanza kuonekana ndani ya siku chache. Ripoti ya kufungua kwanza ni ile iitwayo Pages. Inaonyesha kurasa ngapi ziko kwenye indeksi, ngapi haziko, na sababu.

Si kila ukurasa ulioachwa nje ni tatizo. Kurasa za kuingilia wahariri au zinazojirudia ni kawaida kuachwa. Kinachotakiwa kushtua ni pale ukurasa wa bidhaa au wa huduma unapokuwa nje. Sababu zinazojitokeza mara nyingi ni hizi:

• Excluded by noindex tag. Maana yake tovuti yenyewe imemwambia Google asiiweke. Kwa tovuti za WordPress hili hutokea kirahisi sana. Kuna kiboksi kwenye mipangilio, sehemu ya Reading, ambacho fundi hukitia tiki wakati bado anajenga ili tovuti isionekane kabla haijakamilika. Akisahau kukitoa, tovuti inabaki gizani mwaka mzima. Kukitoa ni kazi ya dakika moja.

• Blocked by robots.txt. Kuna faili linalompa roboti maelekezo, na limemzuia kusoma.

• Not found (404). Google anakumbuka ukurasa ambao umefutwa au umebadilishwa anwani.

• Discovered – currently not indexed. Google anajua ukurasa upo, lakini hajaenda kuusoma.

• Crawled – currently not indexed. Ameusoma, akaamua kutouweka. Mara nyingi ni ukurasa wenye maneno machache, au unaofanana na mingine mingi.

Ukitaka kujua habari za ukurasa mmoja tu, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu. Kitasema kama umo na Googlebot aliusoma lini mara ya mwisho. Ukisharekebisha tatizo, bonyeza Request indexing kuomba usomwe upya. Kubonyeza mara kumi hakuharakishi chochote, mara moja inatosha.

Tovuti mpya isaidiwe pia kwa kuwasilisha sitemap, yaani orodha ya kurasa zake zote. Mifumo kama WordPress huitengeneza yenyewe, kazi inayobaki ni kuweka anwani yake kwenye sehemu ya Sitemaps.

Swali la pili: Watu wanatafuta nini?

Ripoti yenye utamu kwa mfanyabiashara ni Performance. Inatunza takwimu za hadi miezi 16, na ina namba nne:

1. Clicks: mara ngapi watu walibonyeza wakaingia kwenye tovuti.
2. Impressions: mara ngapi tovuti ilitokea kwenye matokeo ya utafutaji.
3. CTR: kati ya mara ilizotokea, ni asilimia ngapi ilibonyezwa.
4. Position: nafasi yake kwa wastani.

Chini ya namba hizo kuna orodha ya maneno yenyewe ambayo watu waliandika. Hapo ndipo mwenye biashara anamsikia mteja akiongea kwa kinywa chake.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya sola Mwanza. Tovuti yake imejaa lugha ya ofisini: suluhisho za nishati jadidifu, mifumo ya kisasa, huduma bora. Mteja wa Sengerema haandiki hivyo. Yeye anaandika "bei ya sola ya taa nne na tv" au "betri ya sola inauzwa sh ngapi". Kama maneno ya namna hiyo hayamo popote kwenye tovuti, Google hana sababu kubwa ya kumleta mteja huyo dukani.

Sasa tuseme ripoti inaonyesha neno "bei ya betri ya sola" limeifanya tovuti itokee mara 2,000, ikabonyezwa mara 10, nafasi ya 14. Hiyo ni asilimia 0.5. Tafsiri yake ni kwamba watu wanahitaji, Google ameanza kuiamini tovuti, lakini iko chini ambako wachache hufika.

Dawa hapo ni kutengeneza ukurasa unaojibu swali hilo: aina za betri, bei za sasa, ipi inafaa nyumba ya vyumba vingapi, duka liko mtaa gani, namba ya simu.

Hali nyingine ni pale nafasi ni ya 3 lakini wanaobonyeza ni wachache. Hapo mara nyingi tatizo ni kichwa cha ukurasa. Tovuti nyingi zina kichwa kilichoandikwa Home au "Karibu kwenye tovuti yetu". Mteja anayeona hivyo hajui ndani kuna nini, anapita. "Bei za betri za sola Mwanza" ingemvuta zaidi.

Angalizo: ukitafuta biashara yako kwa simu yako mwenyewe na kuiona juu, usishangilie mapema. Matokeo hubadilika kulingana na mahali mtu alipo, na historia ya utafutaji nayo inaweza kuyabadilisha. Nafasi iliyo kwenye ripoti inatokana na utafutaji wa watu wengi.

Simu ndiyo inayopimwa

Kwa miaka kadhaa sasa Google husoma tovuti kama simu inavyoiona, sio kama kompyuta. Kama kwenye kompyuta kuna maelezo marefu ya bidhaa lakini kwenye simu hayapo, Google huchukua yale ya kwenye simu.

Ripoti ya Core Web Vitals hupima uzoefu wa watumiaji halisi. Kwa kipimo cha Google, kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinatakiwa kitokee ndani ya sekunde 2.5. Ukigusa kitufe, tovuti ijibu ndani ya milisekunde 200. Na kurasa zisiruke-ruke wakati mtu anasoma.

Mara nyingi mchawi ni picha. Picha ya MB 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inamla mteja bando na kumchosha kusubiri. Ipunguzwe kabla ya kuwekwa. Tovuti yenye wageni wachache inaweza isipate takwimu kwenye ripoti hii. Hapo itumike PageSpeed Insights, ambayo nayo ni ya bure.

Alama nyekundu zisizosubiri kesho

Kuna sehemu mbili za kuchungulia hata kama mengine yamekushinda: Security issues na Manual actions.

Ya kwanza inasema kama tovuti imevamiwa. Wavamizi wengi hawaharibu ukurasa wa mbele. Wanaingiza kimya kimya mamia ya kurasa za kamari, dawa bandia au maandishi ya Kijapani, ili watumie jina la tovuti yako. Mwenyewe ukifungua unaona kila kitu kiko sawa, huku Google akiwaonya wateja wasiingie.

Njia ya haraka ya kukagua ni kuandika kwenye Google neno site, nukta pacha, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Ukiona kurasa usizozijua, mtafute fundi siku hiyo hiyo.

Ya pili inasema kama wafanyakazi wa Google wameiadhibu tovuti kwa kuvunja kanuni, kwa mfano kununua viungo ili ionekane maarufu. Baada ya kusafisha, mwenye tovuti anaomba ikaguliwe upya hapo hapo.

Tahadhari za aina hii hutumwa kwa barua pepe. Ndiyo maana suala la nani ameshika akaunti sio dogo.

Wanaoahidi namba moja

Search Console haiipandishi tovuti. Inaonyesha hali tu, kama kipimo cha hospitali kinavyoonyesha ugonjwa bila kuutibu. Na marekebisho hayaonekani usiku mmoja; mengine huchukua siku, mengine wiki kadhaa.

Kwa hiyo akija mtu anayesema alipwe laki tano aiweke tovuti namba moja ndani ya siku tatu, aombwe aeleze atafanya nini. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Kulipia matangazo ya Google nako hakuipandishi tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Mtaalamu wa kweli ataomba kuona ripoti kwanza, na baada ya miezi mitatu ataonyesha namba zimebadilikaje kwenye ripoti hiyo hiyo.

Dakika kumi kwa wiki zinatosha

Kwa biashara ndogo, utaratibu ufuatao unatosha kabisa:

• Kila Jumatatu, fungua Performance na ulinganishe wiki hii na iliyopita. Kushuka kidogo ni kawaida, kushuka ghafla hadi nusu kunahitaji uchunguzi.
• Chagua neno moja ambalo tovuti iko kati ya nafasi ya 8 na 20, kisha boresha ukurasa wake.
• Mara moja kwa mwezi, pitia Pages, Security issues na Manual actions.
• Ukiongeza bidhaa mpya, hakikisha ukurasa wake umeingia kwenye indeksi.

Anayetaka kufika mbali zaidi anaweza kujiunga na Bing Webmaster Tools, nayo ya bure, inayoruhusu kuhamisha tovuti kutoka Search Console bila kuthibitisha upya.

Kwa leo, hatua ya kwanza ni kumpigia fundi na kumuuliza swali moja: "Search Console ya tovuti yangu iko kwenye akaunti ya nani?"