LIKIZO SIYO LAZIMA MSIBA, TWENDENI BABATI!

Wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, tuongelee familia. Hebu jiulize, mara ya mwisho nyumba yenu nzima kupanda gari moja na kusafiri pamoja ilikuwa lini, na mlikuwa mnakwenda kufanya nini? Acha nibashiri. Msiba, harusi au arobaini. Nje ya hapo kila mtu na njia yake, baba na jamaa zake, mama na vikoba, watoto wanaangalia katuni sebuleni.

Mimi leo naupigia debe mji wa Babati. Najua wengine mshacheka. Mmezoea kuupita mkiwa dirishani kwenye basi la Arusha, mnanunua mahindi ya kuchoma, basi. Lakini huu ni mji wenye mlima na ziwa kwa wakati mmoja, na siyo mingi ya namna hiyo nchini kwetu. Juu yake umesimama Mlima Kwaraa wenye zaidi ya mita 2,400, chini kuna Ziwa Babati, ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye viboko na ndege wa kila namna. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto la Dar es Salaam mtaliacha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, Babati ndiyo makao makuu, hivyo benki zipo, hospitali ipo, na gesti za kila pochi.

Njia nayo siyo kisingizio tena. Zamani kutoka Dodoma kwenda Babati ilikuwa adhabu, vumbi mpaka kwenye meno. Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa mwaka 2018, na kuanzia mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma kutoka Dar kwa saa nne hivi. Unalala Dodoma, asubuhi unachukua basi. Kwa wenye watoto wadogo mimi nashauri hivyo, maana mtoto kukaa kwenye kiti kutwa nzima ni kutafuta matapishi. Vitambulisho msisahau, treni ile haina mjomba.

Sasa ije ile ngumu. Nyumbani kwetu tunapanga safari hii mimi, dada yangu, shemeji, watoto wao watatu na Mama. Mama ana miaka sitini na kitu na hajawahi kusafiri pasipo kuwa na mtu wa kuzikwa au kuolewa. Nilipomtajia Babati akaniuliza, "Kuna nani huko?" Nikamwambia hakuna mtu. Akashangaa kweli kweli. "Sasa tunakwenda kwa nani?" Nikamwambia tunakwenda kuangalia ziwa. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele, halafu akauliza swali la pili, "Na huko atapika nani?"

Hapo wasomaji kina baba mnisikilize. Hilo la pili ndilo swali lenyewe. Ukipanga likizo ya kupanga nyumba yenye jiko ili kubana matumizi, umempeleka mkeo au mama yako kufanya kazi zile zile mbali na nyumbani, tena kwenye sufuria za watu. Sisi tumeamua hakuna mtu kushika mwiko. Babati chakula siyo ghali ukiacha hoteli za kujionyesha. Kuna perege na kambale kwa ugali, na makande ya mbaazi, maana mbaazi ndiyo kwao. Asubuhi chai ya maziwa, na maziwa ya huko ni maziwa, siyo maji yaliyoonyeshwa ng'ombe.

Kuhusu majira, msidanganywe kwamba kuna mwezi mmoja tu wa kwenda. Juni hadi Agosti ni kiangazi chenye baridi, jioni upepo unakata masikio, wabebeeni watoto masweta ya maana. Hiyo ndiyo likizo ya katikati ya mwaka ya wanafunzi, na inaangukia vizuri, kwani kadiri pori linavyokauka ndivyo tembo wanavyozidi kusogea Mto Tarangire. Hifadhi ya Tarangire iko kwenye njia hiyo hiyo ya Arusha, unachepukia Kwa Kuchinia. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, ila gari la kuingilia ndilo linalokula hela, kwa hiyo tafuteni familia nyingine mchangie. Septemba na Oktoba kumekauka kabisa, wanyama tele, lakini watoto wako shule. Machi na Aprili ni matope na majani mabichi, safari ya wawili wasio na haraka.

Desemba ndiyo inayonipa wasiwasi. Shemeji anaitaka kwa sababu ndipo anapopata likizo yake. Lakini mabasi ya kaskazini mwezi huo yanajaa watu wanaokwenda kula Krismasi kwao, na mvua zimeshaanza. Tarehe 3 Desemba 2023, kule Katesh chini ya Mlima Hanang, tope na mawe viliporomoka na kuua zaidi ya watu 80. Ni mkoa huo huo. Hata Ziwa Babati lenyewe liliwahi kufurika likaingia mjini, mwaka 1990. Sisemi Desemba isiendwe, watu wanaishi huko mwaka mzima. Nasema anayekwenda asikilize utabiri wa hali ya hewa kabla ya kukata tiketi, na asiwapandishe watoto mlimani mvua ikinyesha.

Halafu viboko. Watoto wa mjini wanamjua kiboko wa kwenye daftari, mnene, anacheka. Kiboko anaua. Jioni anatoka majini kula majani na alfajiri anarudi, na ukimkuta ukiwa kati yake na maji hakuna mazungumzo. Kwa hiyo ukingoni ni mchana tu, mtoto ashikwe mkono, na mtumbwi upandwe na mwenyeji anayejua walipo, tena asisogee karibu ili mpige picha nzuri. Kuogelea sahau, kuna kichocho pia.

Mkiwa na siku ya ziada, shukeni njiani Kolo, Kondoa, mkaone michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mnaanzia ofisini kuchukua mwongozaji. Kupanda kunachosha, wazee wabaki chini.

Hela tunaweka kidogo kidogo tangu Januari, dada ndiye mweka hazina, na nyumba nzima inajua kilichopo. Gesti moja tuliyoipigia simu (jina nalihifadhi) ilitaka mtoto wa miaka minne alipiwe kitanda kama mtu mzima. Tukakata simu, tukapata nyingine. Ulizeni mapema, pamoja na maji ya moto na chandarua.

Shemeji bado ananuna, lakini Mama ameshachagua Juni. Ametoa sharti moja, mtumbwi hapandi. Atakaa kibarazani gestini na kikombe chake cha chai, sisi tukirudi tumsimulie. Na jirani ameshaambiwa habari ya kuku.